Kwa nini tanga kuu huwa zito kutweka, na nguvu zako zinapotelea wapi

Ukisimama ufukweni Msasani au Kunduchi, Dar es Salaam, asubuhi, mabaharia wanapojiandaa kutoka, utasikia ushauri wa aina tatu kila tanga linapogoma kupanda: ongeza mtu, ongeza kapi, paka mafuta. Wenye yoti huongeza wa nne: nunua winchi kubwa zaidi. Ni nadra mtu kuuliza kwanza uzito wenyewe unatoka wapi. Jibu lake huwashangaza wengi, maana kwenye yoti ya kawaida ya mita 10, kitambaa cha tanga kina mchango mdogo sana katika uchovu wa anayelitweka.

Tupige hesabu. Tanga kuu la yoti ya namna hiyo lina eneo la mita za mraba 30 hivi. Kitambaa cha poliesta cha kushonea matanga kina uzito wa gramu 300 hivi kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kitambaa chote ni kilo 9. Ongeza fito zinazoingizwa kwenye mifuko ya tanga kulinyoosha, vitelezi na viraka vya pembeni, utafika kilo 14 au 15. Mzigo huo haufiki hata dumu la maji la lita 20. Mtu anayebeba dumu hilo kutoka bombani kila siku hashindwi na kilo 15, lakini huyohuyo akishika kamba ya tanga anatweta kabla halijafika nusu ya mlingoti. Nguvu zake zinaliwa na vitu viwili: upepo na msuguano.

Tukubaliane majina kabla ya kwenda mbali. Kutweka ni kupandisha tanga, na henza ni kamba inayolipandisha. Roda ni lile gurudumu dogo lililo ndani ya kapi. Dasi ni kamba iliyoshonewa kwenye ukingo wa tanga. Demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, ile unayoivuta au kuilegeza ukiwa safarini. Kwenye jahazi na mashua tanga hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopanda pamoja nalo. Kwenye yoti mambo ni tofauti: ukingo wa mbele wa tanga hupanda ukifuata mlingoti wenyewe, na ukingo wa chini hukaa juu ya mti mlalo ambao hapa tutauita mti wa chini. Vitelezi ni vipande vya plastiki au chuma vinavyoshikizwa kwenye ukingo huo wa mbele na kupita ndani ya reli ya mlingoti, kama pete za pazia zinavyopita kwenye fimbo yake.

Upepo kwanza

Hapa ndipo nguvu nyingi zaidi hupotea, na kulirekebisha hili hakugharimu hata shilingi. Upepo wa noti 15, yaani kilomita 28 kwa saa, ambao alasiri ya kusi, msimu wa pepo za kusini, ni wa kawaida kabisa nje ya Msasani, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 3.7. Tanga la mita za mraba 30 likiupokea ubavuni, hizo ni kilo 110. Hata nusu yake tu ikiegemea mlingotini, vitelezi vinabanwa kwenye kuta za reli kwa zaidi ya kilo 50, na wewe bado unataka viteleze kwenda juu. Upepo ukipungua hadi noti 10, msukumo huo wote unashuka hadi chini ya kilo 50, kwa sababu nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi yake. Saa ya kutweka ina uzito kuliko idadi ya mikono.

Fikiria mlango wa Hiace, ule wa kusukuma kwa pembeni. Konda akiuvuta sambamba na reli yake, unateleza kwa mkono mmoja. Abiria akiuegemea kwa bega huku konda anavuta, haufungi hata akiongeza nguvu mara tatu. Tanga lililojaa upepo wakati wa kupanda ni huo mlango wenye abiria ameuegemea.

Kwa hiyo elekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwenye upepo na ulegeze kila kinacholishika tanga kwa chini. Demani ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ikiwa imekazwa, pembe ya nyuma imefungwa chini, na kila sentimita unayoipandisha mbele inaliambia tanga lijae upepo. Legeza na kamba inayovuta mti wa chini kuelekea sitaha. Kamba za kupunguzia tanga nazo zina mapito yake ya makapi na matundu, na zote hukokotwa juu pamoja na tanga. Acha zikimbie huru, tena mtu azitoe kwa mkono kutoka kwenye mti wa chini ili zisijipinde. Halafu kaza ile kamba inayobeba ncha ya mti wa chini kutoka kileleni, mti uinuke kidogo. Usipofanya hivyo utakuwa unatweka tanga na mti wake kwa pamoja, na mti huo pekee unaweza kuwa mzito kuliko tanga.

Chombo kikiwa nangani mara nyingi omo huelekea upepo chenyewe, na ndiyo maana ni rahisi zaidi kutweka kabla ya kung'oa nanga, mradi kuna nafasi. Angalia maji tu. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unaweza kukigeuza chombo kikalala ubavu kwa upepo, na unayetweka usione kwa nini leo tanga ni zito kuliko jana.

Msuguano, na kipimo cha dumu

Upepo ukishaondolewa na tanga bado ni zito, tatizo liko njiani. Njia zenyewe ni mbili: njia ya henza, kuanzia kichwa cha tanga hadi mkononi mwako, na njia ya tanga kwenye mlingoti. Wengi huzichanganya, wakapaka mafuta kwenye reli wakati roda ya kileleni ndiyo imekufa. Zitenganishe, upime moja moja.

Kipimo cha njia ya henza kinahitaji dumu la lita 10 lililojaa maji, ambalo ni kilo 10 na ushei, na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki pale Feri. Fungua shekeli, ile pingu ya chuma inayoshika henza, kwenye kichwa cha tanga na ufunge dumu mahali pake. Funga pia kamba nyembamba kwenye shekeli hiyo, ili dumu likiachia usije ukapoteza mwisho wa henza kileleni. Sasa funga mizani kwenye upande wa kuvutia na uvute polepole, dumu lipande nusu mita hadi mita moja, si zaidi, na asisimame mtu chini yake. Soma mizani dumu likiwa linatembea.

Henza ya yoti hupinda karibu mara tatu: nusu duara kileleni, tena chini ya mlingoti, tena juu ya sitaha kabla ya kufika kwako. Roda nzima yenye gololi hula asilimia 5 hivi kila mara, na roda ya kawaida isiyo na gololi hula asilimia 10. Kwa hiyo mizani ikisoma kilo 11 hadi 13, njia yako ni nzima. Ikisoma 14 hadi 16, kuna uchafu na chumvi. Ikipita 18, karibu hakuna shaka kuwa roda moja haizunguki kabisa.

Namba 18 haikuokotwa. Kamba inayoteleza juu ya roda iliyokwama, ikipinda nusu duara, huhitaji karibu mara 1.9 ya mzigo ulio upande wa pili. Kamba hapo haizungushi kitu, inajikwaruza tu. Kwa tanga la kilo 15, roda moja ya kileleni iliyoganda kwa chumvi inakupandishia mzigo hadi kilo 28. Na hakuna anayeiona, maana iko mita 12 juu ya vichwa vya watu na huku chini kila kitu kinang'aa.

Baada ya kuvuta, fanya kinyume chake: legeza polepole. Njia ikiwa nzima, dumu hushuka lenyewe. Likibaki linaning'inia huku kamba yako imelegea, umepata habari nzito kuliko ile ya kupanda. Tutairudia mwishoni.

Roda iliyokwama hufufuliwa mara nyingi kwa maji tu. Yaani maji baridi, yale yasiyo ya chumvi, mengi, ya vuguvugu kama yapo, huku ukiizungusha kwa kidole. Ikishazunguka, angalia tundu lake la katikati. Likiwa limeliwa na kuwa yai, roda itaegemea ukuta wa kapi na kukwama tena baada ya wiki, hiyo badilisha. Angalia pia kama unene wa kamba unaingia kwenye mfereji wa roda. Watu hununua henza mpya Kariakoo, wakachukua ya milimita 14 badala ya 10 kwa kudhani nene ndiyo imara, kamba ikawa inakwaruza mashavu ya kapi kila inapopita. Kwa yoti ya mita 10, poliesta ya kusukwa ya milimita 10 inatosha. Nailoni iache ifanye kazi ya nanga, ambako kuvutika kwake kunafaa. Kwenye henza itakuchosha bure: unavuta, inarefuka, na tanga halijasogea.

Reli ya mlingoti

Kila nyumba ya Dar yenye madirisha ya kioo ya kuteleza inajua mchanga unavyofanya kwenye reli ya aluminiamu. Reli ya mlingoti inapata hayohayo pamoja na chumvi. Juu ya hapo, aluminiamu ikiguswa na skrubu za chuma cha pua ndani ya hewa ya bahari huota unga mweupe unaokwaruza na kubana.

Tafuta kwanza mahali pa kukwama. Tweka tanga kwa mkono asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, na kila linapokaza funga uzi kwenye henza usawa wa mkono wako. Rudia mara tatu. Nyuzi zikiangukia palepale kila safari, kuna kitu hapo: kiungo cha reli kisicholingana, skrubu iliyochomoza, au kitelezi kimoja kilichopasuka. Tanga likizidi kuwa zito taratibu kadiri linavyopanda, hilo ni jambo la kawaida, kwani sehemu inayoning'inia inakua. Mita ya mwisho kukaza pia ni sawa, kwa kuwa hapo hupandishi tena, unaunyoosha ukingo wa mbele.

Kuisafisha reli si lazima kupanda juu. Chukua kitelezi cha akiba, kifungie kitambaa kilicholowa maji baridi na sabuni ya vyombo, kifunge kwenye henza kwa juu na kamba nyembamba kwa chini, ukipandishe na kukishusha reli nzima mara nne au tano, ukisuuza kitambaa kila mara. Cha kwanza kitarudi cheusi. Maliza kwa maji matupu, acha pakauke, kisha rudia safari moja kwa kitambaa kilichopuliziwa silikoni au tefloni ya kukauka.

Kwenye mafuta ndiko watu wengi hujiharibia. Grisi ya gari na mafuta ya kupikia huteleza vizuri siku ya kwanza, hiyo ni kweli. Wiki ya pili yameshadaka mchanga na vumbi, na ule mchanganyiko ni msasa. Vilevile yanachafua kitambaa cha tanga, na doa lake halitoki. Kwenye mbao habari ni nyingine: sifa, yale mafuta ya papa, na shahamu zina kazi yake kwenye vyombo vya mbao tangu zamani, kwa sababu mbao inayanywa badala ya kuyaacha yakae juu. Aluminiamu hainywi kitu. Na kama vitelezi vyako ni vile vya kisasa vyenye gololi ndani, usivipake chochote. Suuza kwa maji baridi basi.

Vitelezi vya nailoni vina tabia mbili za kuangalia. Hunywa maji na kuvimba kidogo, kiasi cha kutosha kubana kwenye reli iliyo finyu. Na jua letu huvikausha vikapasuka kuanzia kwenye tundu la uzi. Mlingoti usio na vitelezi, ambao dasi yenyewe ndiyo inayopita ndani ya mfereji, ndio wenye msuguano mkubwa kuliko wote. Huko lazima mtu asimame mlingotini akiilisha dasi kwa mkono, sawasawa, isiingie ikiwa imepinda. Kumwita fundi ashone vitelezi kila baada ya sentimita 60 hivi ndiyo kazi ya kwanza ambayo ningelipia kabla ya kitu kingine chochote kwenye chombo cha aina hiyo.

Tanga lenye fito ndefu, zinazotoka ukingo wa nyuma hadi mlingotini, lina shida yake. Fito husukuma mlingoti kwa kichwa chake, na ukiikaza kupita kiasi kwenye mfuko wake inasukuma zaidi. Ilegeze hadi mikunjo ya kitambaa ianze kuonekana, kisha kaza kidogo tu ipotee. Na zile kamba za pembeni zinazodaka tanga linaposhuka, zivute mbele hadi mlingotini kabla ya kutweka. Ncha ya fito ikinasa humo, utavuta mpaka kitu kikatike.

Kapi nyingi, nguvu kidogo

Kwenye jahazi na mashua kubwa uzito ni wa kweli, kwa sababu foromali ni mti hasa. Ndiyo maana mpangilio wake ni wa werevu mkubwa: henza nene inapita kileleni, mwisho wake mmoja umeshika foromali, na mwingine una kapi inayoitwa gofia. Kati ya gofia na abedari, kapi iliyofungwa chini chomboni, inapita kamba nyembamba zaidi, jarari, na hiyo ndiyo inayovutwa. Kila mara jarari inapokwenda na kurudi, mzigo unagawanyika.

Kwenye karatasi, jarari ikiwa na mapito manne, foromali na tanga la kilo 200 linavutwa kwa kilo 50. Chomboni haiwi hivyo kamwe, maana kila roda inachukua ushuru wake. Roda zikila asilimia 10 kila moja, utavuta kilo 63. Roda za mbao kavu zenye ekseli ya kutu, zinazokula asilimia 25, zitakudai kilo 85. Sasa anakuja mtu na ushauri wa kuongeza kapi: mapito sita badala ya manne, kwa roda zilezile mbovu. Utavuta kilo 68, na kwa kila mita moja ya foromali utavuta kamba mita sita. Yaani aliyesafisha roda zake nne na kuzipaka shahamu anavuta kilo chache kuliko aliyenunua mbili zaidi, na kamba pungufu kwa theluthi moja. Hapa namsihi kila nahodha: toa ekseli, ikwangue kutu, angalia roda inavyokaa, ndipo uende dukani.

Ngalawa ndogo nyingi hazina hata kapi, henza inapita kwenye tundu la mlingoti. Mbao kavu ikisugua kamba nusu duara inaweza kudai mara mbili na nusu ya mzigo, kwa hiyo tanga na foromali yake ya kilo 8 vinavutwa kwa kilo 20. Kapi moja ndogo iliyofungwa kileleni, au hata pete laini ya chuma cha pua, inaondoa sehemu kubwa ya hiyo.

Kwenye majahazi kuna mbinu nyingine inayostahili kuigwa: tanga hukunjwa juu ya foromali na kufungwa kwa uzi dhaifu, linapanda likiwa limelala kama mkeka uliokunjwa, upepo haulioni. Likifika juu, demani inavutwa, nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine, tanga linafunguka. Tatizo lote la upepo limemalizwa kwa nyuzi.

Wenye yoti nao wana njia yao ya kugawa mzigo. Unafunga kapi kwenye kichwa cha tanga, henza inapita humo na mwisho wake unafungwa kileleni. Mzigo unakuwa zaidi kidogo ya nusu. Lakini mlingoti wa kupandisha mita 12 utakudai kamba mita 24 mkononi, na tanga hushuka kwa uvivu kwa sababu kamba yote hiyo lazima ipite kwanza kwenye kapi. Kwa tanga la mita za mraba 30 sioni faida. Kwa la 50 na kuendelea, inafaa.

Mikono na winchi

Winchi si ya kutwekea tanga zima. Ni ya ile mita ya mwisho. Mkono wa winchi wa sentimita 25 kwenye pipa lenye nusu kipenyo cha sentimita 3.5 unazidisha nguvu zako mara 7 hata kabla ya gia, na nguvu hiyo haina hisia. Fito ikinasa, mkono wako mtupu utajua papo hapo; winchi itaendelea kuvuta hadi kitelezi king'oke au tanga lichanike. Ya umeme ni hatari zaidi, maana hata jasho hulioni likikuonya.

Watu wawili hufanya kazi vizuri kuliko winchi. Mmoja asimame mlingotini, mwingine awe amezungusha henza mara tatu kwenye winchi na kushika mwisho. Wa mlingotini anavuta kwa kushuka chini, mkono juu ya mkono. Kamba ikikaza, aishike katikati na kuivuta ubavuni, kama anavyovuta uzi wa upinde, kisha airudishe mlingotini huku mwenzake akinyakua ulegevu. Vuta kwa kilo 20 ubavuni, kamba ikapinda nyuzi 10 kila upande, na mvutano wa henza unakuwa karibu kilo 58. Mara nne au tano namna hiyo, na tanga liko juu bila mkono wa winchi kuguswa.

Turudi kwenye lile dumu lililogoma kushuka. Henza ambayo haishuki na kilo 10 haitashusha tanga siku upepo wa mvua unapokuja ghafla kutoka kusini na chombo kiko kati ya kisiwa cha Mbudya na bara. Tanga kuu linalopanda kwa shida ni uchovu. Lisiloshuka linaweza kupindua chombo, maana huwezi kulipunguza wala kuliondoa. Kwa hiyo kila baada ya kusafisha, fungua henza ukiwa nangani, omo ikielekea upepo, na uache tanga lianguke bila kuvutwa. Likisimama njiani, funga uzi kwenye henza usawa wa mahali ulipoifungulia, uende kwenye kitelezi kilichokwama. Na funga kamba nyembamba ya kuvutia chini kwenye kichwa cha tanga, ya milimita 5 au 6, ikae hapo siku zote. Wakati mzuri wa kazi hii ni tangambili, pepo zinapobadilishana zamu. Andika kilo ulizosoma kwenye mizani kwa kalamu isiyofutika, ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa, pamoja na tarehe.